Chupa ya Rejeta na Fatwa Niliyoitoa kwa Haraka



Siku chache kabla ya kuandama kwa mwezi wa Shaaban, mdogo wangu alinisubiri nje ya msikiti baada ya swala ya Isha. Nilichelewa kutoka kwa kuwa mimi ni katibu wa kamati ya msikiti wetu hapa Tanga, na usiku ule nilikuwa nikihesabu sadaka pamoja na mweka hazina. Alinitolea salamu kwa adabu, kama ilivyo kawaida yake, kisha akasema: “Kaka, naomba unikopeshe shilingi 180,000. Nataka kubadilisha chupa ya maji ya rejeta.”

Akanionyesha picha kwenye simu. Ilikuwa chupa ya aluminiamu, inang'aa kama sinia la harusi, na ubavuni ina kimrija cha kuonyeshea kimo cha maji.

Gari lenyewe ni Subaru Impreza WRX la mwaka 2004, lililoletwa nchini likiwa mtumba kutoka Japani. Mdogo wangu alilinunua kwa akiba ya miaka sita ya kazi ya umeme wa majumbani. Analijua kama sisi tuliosoma vyuo vya dini tunavyojua sanadi za hadithi. Atakwambia kwamba Colin McRae alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio za magari mwaka 1995 akiendesha Impreza, na kwamba Richard Burns alishinda Safari Rally ya Kenya mwaka 2000 kwa gari la jina hilohilo. Mimi kwa upande wangu nilikuwa nikiliona gari lile kuwa ni kelele tu. Lilipokuwa likipita mbele ya msikiti, wazee walinitazama mimi, kana kwamba ndiye niliyelikanyagia mafuta.

Basi nilimjibu kama nilivyozoea kujibu. Nilimkumbusha aya ya 26 na ya 27 za Surat Al-Israa, zinazokataza ubadhirifu na kueleza ubaya wa udugu wanaouingia wabadhirifu. Nikamwambia: “Chupa ya plastiki unayo, wewe unataka ya kung'aa. Hivi maji yanajua kuwa yamo ndani ya aluminiamu?”

Akasema: “Kaka, ile ya plastiki ina ufa.”

Nikasema: “Itie gundi.”

Hakubishana. Alisema “sawa, kaka,” akaniaga na kwenda zake. Nami nilirudi nyumbani nikiwa nimeridhika, nikijiona nimemwokoa kijana na israfu, tena kwa dalili ya Qur'ani.

Wiki tatu baadaye, alfajiri, simu ilitoka Usambaani. Mjomba wetu, kaka yake Mama wa tumbo moja, amefariki dunia. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiuun. Kijiji chao kiko mbele ya Lushoto, na tuliambiwa kuwa atasaliwa baada ya Adhuhuri na kuzikwa hapohapo, kwa sababu janaza huharakishwa. Mama alikaa kitandani akitafuta mtandio uliokuwa tayari begani mwake. Neno alilolikariri lilikuwa moja: “Nataka nimwone uso kabla hawajamfunika.”

Gari lililokuwa tayari ni lile la mdogo wangu. Tulitoka Tanga mapema, Mama na mama mdogo wakiwa nyuma, mimi mbele. Nakiri kuwa aliendesha kwa utulivu ambao sikuutarajia. Tulipita Segera, tukapita Korogwe, tukafika Mombo jua likiwa limeanza kuchoma, na hapo ndipo barabara inapoacha tambarare na kuanza kupanda milima. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita zaidi ya 30 za kona na miinuko, hadi kimo cha takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari.

Hatujafika Soni, mdogo wangu akaanza kutazama dashibodi mara kwa mara. Mshale wa joto ulikuwa umepita katikati. Akasema kwa sauti ya chini: “Kaka, tusimame kidogo.” Nikatazama saa. Nikamwambia: “Janaza haingoji. Nenda taratibu, tutafika.”

Alikwenda kona mbili zaidi. Kisha alifanya jambo lililonifanya nidhani amechanganyikiwa: katika joto lile alishusha vioo vyote na kuwasha hita ya ndani hadi mwisho. Hewa ya moto ikatupiga usoni. Baadaye ndipo nilipofahamu kuwa hita ni rejeta ndogo ya pili, na kwamba kuiwasha ni kuipunguzia injini joto kwa kuwamwagia joto hilo abiria. Lakini mvuke mweupe ulikwisha kuanza kutoka chini ya boneti. Hapo hakuniuliza tena. Aliegesha pembeni na kuzima.

Nilishuka mbio, nikafungua boneti, nikashika kitambaa ili nifungue kifuniko. Aliukamata mkono wangu kwa nguvu ambayo hajapata kuitumia kwangu tangu tulipokuwa watoto. “Usifungue, kaka! Yatakurukia usoni.” Nikaacha. Tukasubiri injini ipoe. Wanakijiji walileta madumu ya maji, naye akawashukuru lakini akakataa kuyatia, kwa kuwa maji ya baridi yakiingia ghafla katika injini iliyochemka yanaweza kuipasua. Mama alikaa juu ya jiwe akivuta tasbihi. Magari yaliyopita yalikuwa yamejaa. Ilipopatikana hatimaye hiace yenye nafasi mbili, tuliwatanguliza yeye na mama mdogo.

Hawakuwahi. Walipofika, watu walikuwa wanarudi kutoka makaburini wakikung'uta udongo mikononi. Mama hakumwona kaka yake. Nilipomfikia alasiri alinitazama na kusema: “Ni qadari ya Allah, mwanangu.” Mdogo wangu alikuwa amesimama hatua mbili nyuma yangu. Angeweza kusema neno moja tu: niliomba, nikanyimwa. Hakulisema. Wala hakunitazama.

Ndugu zangu, kunyamaza kwake kuliniuma kuliko lawama yoyote. Usiku ule, tukiwa tumelala sebuleni kwa wafiwa, nilijiuliza swali ambalo chuoni nililijibu kwenye mtihani na kupata alama nzuri: ni wapi qadari inapoishia kuwa faraja na kuanza kuwa kisingizio? Mama alikuwa na haki ya kusema qadari, kwa sababu ya kwake aliyatimiza yote. Mimi sikuwa na haki hiyo. Allah alikwisha kuniletea sababu mlangoni pa msikiti, kwa ulimi wa ndugu yangu, wiki tatu kabla, nami nikairudisha kwa hoja ya gundi. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwelekeza mwenye ngamia kwamba amfunge kwanza ndipo amtegemee Mola wake. Mimi nilimkataza mwenye ngamia asinunue kamba.

Likaniumiza zaidi jambo jingine. Katika sura ileile niliyoitumia kumnyamazisha, aya chache tu mbele, katika aya ya 36, tumekatazwa kufuata tusilo na elimu nalo, na tumeambiwa kuwa masikio, macho na moyo vitaulizwa. Nilisimama kwenye aya ya 27 kwa kuwa ilinihusu kama hakimu. Sikufika ya 36, iliyonihusu kama mshitakiwa.

Tuliporudi Tanga, nilimpa mdogo wangu zile shilingi 180,000. Alitaka kuandika deni. Nikamwambia hili si deni lako, ni langu. Chupa ilipofika kutoka Dar es Salaam, nilimwomba tuifunge pamoja, naye akakubali bila kuonyesha furaha wala hasira. Jumamosi moja baada ya swala ya Alfajiri, gari likiwa limelala usiku mzima na limepoa kabisa, tulifungua boneti uani kwa Mama.

Kwanza nilimwomba anifundishe. Akanieleza kwa maneno ambayo sasa nayaandika kwa faida ya wenye magari, kwa sababu kanuni hii iko katika magari mengi, yawe ya mbio au ya kubebea mboga.

Maji yanayopoza injini hayachemki kwa nyuzi 100 kama ya birika, kwa kuwa yamefungiwa chini ya shinikizo. Kifuniko kina springi inayoyabana, na kwa kubanwa huko na kwa kuchanganywa na kulanti, yanaweza kupita nyuzi 120 bila kuchemka. Ndiyo maana ukifungua kifuniko injini ikiwa ya moto, shinikizo linaondoka kwa mara moja na maji yanalipuka kuwa mvuke. Mkono wangu, na pengine macho yangu, viliokolewa na yule niliyedhani hajui kitu isipokuwa kelele.

Maji yakipata joto hutanuka. Yaliyozidi huisukuma ile springi na kupita katika mpira mwembamba kwenda kwenye chupa ya akiba. Injini inapopoa, maji hujikunja, na nafasi inayobaki huyavuta yale ya kwenye chupa yarudi ndani. Kila safari ni kwenda na kurudi. Chupa ikiwa na ufa, maji yanayotoka hayabaki, na wakati wa kupoa injini haivuti maji bali hewa. Kila siku hupungua kidogo. Siku ya njia ya tambarare huoni tatizo. Siku ya mlima wa Lushoto, na watu wanne garini, na hima ya janaza, unaliona.

Tulipoitoa chupa ya zamani niliuona ufa kwa macho yangu. Plastiki ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, imekauka kwa joto la miaka 20, na ufa ulianzia kwenye kishikizo ukateremka hadi karibu na kitako. Juu ya ufa ule palikuwa na gundi. Alikuwa ametii. Alitia gundi kama nilivyomwagiza, na gundi ilikuwa imebanduka kwa joto. Niliishika chupa ile kwa muda, naye akajifanya anatafuta spana.

Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Alitoa kwanza waya wa betri, kisha akafungua bolti kwa spana namba 10. Maji yaliyobaki tuliyakinga kwenye ndoo. Nilitaka kuyamwaga uani, akanizuia tena: kulanti nyingi zina sumu, na ubaya wake ni kwamba ina ladha tamu, hivyo paka, kuku, na hata mtoto mdogo anaweza kuinywa. Tuliitia kwenye dumu, tukalifunga, tukaandika juu yake, na tukaliweka mbali na watoto hadi alipolipeleka gereji. Nawasihi akina mama na akina baba wasilidharau hili.

Chupa mpya aliisuuza mara tatu, akiniambia kuwa vyombo vya kuchomelewa huweza kubaki na chembe za chuma ndani. Kisha tukafunga vishikizo vyake kando ya rejeta, tukihakikisha kwamba haigusi feni wala mkanda, na kwamba mpira haupiti karibu na tabo, ambayo huwa ya moto sana.

Hapo nilipewa kazi ya kuunganisha mpira. Chupa ilikuwa na midomo miwili, wa chini na wa juu. Nilichagua wa juu kwa kuwa ulikuwa rahisi kuufikia, nikakaza klipu. Mdogo wangu alikuja, akatazama, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba. “Kaka, hapo injini itatema maji vizuri tu. Lakini ikitaka kuyanywa tena, itakunywa hewa. Mpira uwe chini, mahali ambapo maji hayakosekani. Ule wa juu ni wa kupumulia.” Nikafungua klipu, nikaanza upya.

Mwisho alitia mchanganyiko wa kulanti na maji yaliyosafishwa, si ya bomba, kwa kuwa ya bomba huacha magadi na kutu ndani ya njia nyembamba. Gari lile lina vifuniko viwili, cha kwenye rejeta na cha kitangi kilicho juu ya injini. Alinitahadharisha kuwa havibadilishani nafasi, na kwamba maji hujazwa kwenye kile cha juu, polepole, ili hewa ipate kutoka. Aliiwasha injini, akawasha hita, akawa anaminya mipira mikubwa kwa vidole, na mapovu yakatoka moja moja. Tulisubiri hadi feni ilipowaka na kuzima yenyewe mara mbili. Katika chupa hakujaza hadi juu, aliishia kwenye alama, kwa sababu maji yakipata moto yatahitaji nafasi. Kesho yake asubuhi tulitazama kile kimrija cha ubavuni: maji yalikuwa palepale.

Kabla hatujafunga boneti nilimuuliza swali la haki: je, chupa mpya ya plastiki isingetosha? Alifikiri, kisha akasema kweli: “Ingetosha, kaka. Ila ya asili mpya ni ya kuagiza na haina bei ndogo, na zilizotumika zina umri uleule wa iliyopasuka. Halafu, sitakuficha, hii naipenda inavyong'aa.” Nilicheka. Haja ilikuwapo, na pambo lilikuwapo juu ya haja. Laiti ningeuliza swali hilo usiku ule nje ya msikiti, ningelijua hilo kwa dakika mbili.

Lilibaki jambo moja, nalo lilikuwa zito kuliko bolti zote. Mama alikuwa bado anaamini kuwa gari liliharibika tu, kama magari yanavyoharibika. Jioni ile nilikaa miguuni pake nikamweleza yote: ombi, ufa, gundi, na vile nilivyosema “nenda taratibu” wakati mdogo wangu alipotaka kusimama mapema. Alisikiliza akiwa anachambua mchele. Hakukasirika. Alisema: “Mjomba wako hakusoma kama wewe. Lakini mtu akimwendea na shida, alikuwa anamuuliza kwanza, imekuwaje?” Kisha akaendelea kuchambua mchele. Nilimwomba radhi, akanipa, na namshukuru Allah. Lakini uso wa kaka yake siwezi kumpa.

Wanavyuoni wetu wa fiqhi wamesema kwamba anayejitia kutibu watu bila kujulikana kwa elimu ya tiba, kisha akadhuru, ana dhamana. Nimekuwa nikiisoma hukumu hiyo kama ya waganga. Sasa naiona kwamba inatufikia na sisi tunaokalia viti vya kamati na kuulizwa mambo ya fedha, afya, malezi na ufundi. Kujua kwamba israfu ni haramu ni elimu moja. Kujua kama jambo lililo mbele yako ni israfu ni elimu nyingine, na mara nyingi mwenye elimu hiyo ya pili ni yule kijana anayekuomba.

Sisemi kwamba vijana wapewe kila wanachotaka. Mwezi uliopita mdogo wangu alinijia na picha ya ekzosi kubwa. Nilimuuliza kwanza: imekuwaje, ya sasa ina tatizo gani? Akasema haina tatizo, ila sauti yake ni ndogo. Nikamnyima, akacheka, akasema alijua. Tofauti ni kwamba safari hii alinyimwa na mtu aliyemsikiliza.

Na katika kamati, barua za maombi za vijana wetu zilikuwa zikipita mezani kwangu, nami nikiziandikia pembeni “haiwezekani” kabla ya kikao. Wiki iliyopita ilikuja moja, wanaomba fedha za vali ya pampu ya kisima cha msikiti. Mimi sijui vali ya pampu ni nini. Nimewaandikia waje kikaoni watueleze, na walete ile ya zamani tuione.

Tunamuomba Allah amrehemu mjomba wetu na maiti wote wa Kiislamu, atusamehe hukumu tulizozitoa bila ya elimu, na aturuzuku masikio kabla ya ndimi. Wabillahi tawfiq.